ANDREW CARNEGIE, TAJIRI WA FELEJI

Andrew Carnegie alizaliwa mwaka 1835 katika mji wa Dunfermline, Scotland. Baba yake alikuwa mfumaji wa nguo kwa mikono. Zilipokuja mashine za mvuke, nguo za viwandani ziliuzwa rahisi, na mzee akakosa kazi. Basi mwaka 1848 jamaa yote ikakopa nauli, ikavuka bahari, ikafanya makao karibu na Pittsburgh, Marekani.

Andrew, mtoto wa miaka 13, hakurudi shule. Aliingia kiwanda cha pamba, akafanya kazi saa 12 kila siku kwa mshahara wa dola 1 na senti 20 kwa juma. Baadaye akawa tarishi wa ofisi ya telegrafu. Katika mji huo alikuwako Kanali James Anderson, mwenye vitabu kama 400, ambaye kila Jumamosi aliwaazima vijana wa kazi bila malipo. Andrew alivisoma kwa bidii, wala hakuusahau wema huo maisha yake yote.

Mwaka 1853 alipata kazi katika reli ya Pennsylvania, akapanda cheo upesi. Akiba yake aliitia katika biashara, na faida akaitia tena. Aliona kwamba reli na madaraja yatahitaji feleji, yaani chuma kigumu kilichosafishwa. Mwaka 1875 kiwanda chake kikubwa kilianza kazi huko Braddock, naye akawa mkuu wa biashara ya feleji katika Marekani.

Lakini utajiri huo ulitoka katika jasho la wengi. Mwaka 1892, katika kiwanda chake cha Homestead, mishahara ilipunguzwa. Chama cha wafanya kazi kilikataa. Carnegie alikuwa amekwenda Scotland, akamwachia mambo mwenzake, Henry Frick. Frick alifunga milango ya kiwanda, akakodi walinzi 300 wenye bunduki, wakaja usiku kwa mto. Tarehe 6 Julai walipigana na wafanya kazi tangu alfajiri hata jioni, wakafa watu wa pande zote mbili. Baadaye askari wa serikali wakaletwa, na chama kikashindwa. Mtoto wa mfumaji aliyeponzwa na mashine sasa alikuwa upande wa pili.

Mwaka 1901 aliuza mali yake kwa dola milioni 480. Aliamini kuwa ni aibu tajiri kufa na mali yake, basi akaanza kuigawa. Alijenga maktaba zaidi ya 2,500 katika nchi nyingi. Hata Jeanes School ya Kabete, Kenya, iliyofunguliwa mwaka 1925, ilisaidiwa na fedha za shirika alilolianzisha. Alikufa mwaka 1919, akiwa amekwisha kutoa dola kama milioni 350.

Homestead nayo ilipata maktaba nzuri mwaka 1898. Lakini mtu aliyesimama mbele ya tanuri saa 12 angesoma saa ngapi? Wako wafanya kazi waliosema kwamba wangependelea mshahara wa haki.

Wahenga walisema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Kanali Anderson alitoa vitabu 400 tu, na kwa vitabu hivyo zikazaliwa maktaba zote zile. Carnegie alitoa mamilioni, lakini Homestead haikusahau mwaka 1892. Sisi tunaosoma leo tukumbuke yote mawili.