Argwings-Kodhek: Wakili wa waliokamatwa enzi za hali ya hatari

KILA siku ya kazi, jamaa za washukiwa kutoka Kaloleni, Makongeni, Maringo na Jericho hukusanyika katika Mahakama ya Makadara, jijini Nairobi. Maswali yao ni yale yale: mtu wetu ataachiliwa kwa dhamana? Nani atamtetea?

Katika miaka ya hamsini, maswali hayo yalipoulizwa mitaani Eastlands, jina la Clement Michael George Argwings-Kodhek lilikuwa midomoni mwa wengi. Huyu ndiye Mwafrika wa kwanza kufanya kazi ya uwakili nchini Kenya.

Alizaliwa mwaka wa 1923 na kwao kulikuwa Gem, Nyanza. Baada ya masomo ya Yala na Makerere alifanya kazi ya ualimu, kisha akaenda Uingereza, ambako alisomea sheria. Aliporejea mwanzoni mwa miaka ya hamsini akiwa na mke Mzungu, alikuta nchi iliyowagawa watu kwa rangi hata katika makazi. Serikali ilimpa kazi kwa thuluthi moja tu ya mshahara wa Mzungu wa cheo sawa. Hakuridhika, akafungua ofisi yake mwenyewe.

Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari. Sheria zilikazwa hivi kwamba aliyepatikana na risasi moja tu angeweza kunyongwa, na kuanzia 1953 mahakama maalum ziliharakisha kesi hizo. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa. Argwings-Kodhek aliwatetea washukiwa wa Mau Mau wakati ambapo kufanya hivyo kulimletea mtu uhasama wa walowezi na jina la wakili wa Mau Mau.

Hata hivyo, kulikuwa na mlango ambao hakuna wakili aliyeweza kuufungua. Mnamo Aprili 24, 1954, wanajeshi na polisi walizingira Nairobi katika msako ulioitwa Operation Anvil. Watu zaidi ya 20,000 walizuiliwa, na wengi wakapelekwa Manyani na Mackinnon Road. Hawakufunguliwa mashtaka wala kupelekwa mbele ya hakimu. Pasipo na kesi hapana dhamana, na wakili hana pa kusimama.

Mkondo uliobaki ulikuwa siasa. Serikali iliporuhusu vyama vya Waafrika katika ngazi ya wilaya, Argwings-Kodhek aliongoza chama cha Nairobi District African Congress. Katika uchaguzi wa Machi 1957 alishindwa na Tom Mboya. Hakukata tamaa, baadaye alikuwa mbunge wa Gem, na baada ya uhuru akawa waziri katika serikali ya Mzee Jomo Kenyatta. Alikuwa Waziri wa Mashauri ya Kigeni alipofariki katika ajali ya barabarani jijini Nairobi mnamo Januari 29, 1969. Barabara ya Hurlingham ilipewa jina lake.

Mengi aliyoyakosa kwa niaba ya wateja wake sasa yamo katika Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010. Anayekamatwa ana haki ya kuelezwa sababu mara moja, kunyamaza, kuzungumza na wakili, na kufikishwa mahakamani katika muda wa saa 24, au siku ya kwanza ya mahakama ikiwa muda huo utaishia siku isiyo ya kazi. Zamani mshtakiwa wa mauaji au wizi wa kimabavu hakupewa dhamana kamwe. Leo anaweza kuipata, isipokuwa mahakama ione sababu nzito za kumnyima. Dhamana ya pesa taslimu hurejeshwa kesi ikiisha, mradi mshtakiwa amefika kortini kila alipotakiwa.

Lakini haki isiyojulikana haimfai mwenyewe. Anayemlipia jamaa yake wakili na ahakikishe kwanza kwamba jina la wakili huyo limo katika orodha ya Chama cha Mawakili (LSK) ya wenye leseni ya mwaka huo, kisha adai stakabadhi kwa kila shilingi anayotoa. Asiye na uwezo anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016.

Argwings-Kodhek hakuwa na Katiba ya kuwasomea polisi. Wakazi wa Makadara wanayo, na wanapaswa kuifahamu kabla ya usiku ambao mlango utabishwa.