Daktari aliyeuliza kwa nini mama aogope kuzaa

Ndugu msomaji, pale Makambako, barabara ya Songea inapoachana na ile ya Mbeya, nilikaa na kijana mmoja baada ya swala ya Ijumaa. Mkewe alikuwa na mimba ya kwanza, ya miezi saba. Kliniki hawakuona tatizo lolote, mama na mtoto walikuwa salama. Lakini usiku halali. Kila jirani anayekuja kumjulia hali anamwachia kisa cha mwanamke aliyefia leba, na wakubwa wa nyumbani wamemuonya kuwa anayepiga kelele wakati wa uchungu anaitia aibu familia. Kijana akaniuliza afanye nini. Swali lake ndilo lililonikumbusha maisha ya Dk. Grantly Dick-Read.

Mtu huyu alizaliwa mwaka 1890 Beccles, mashariki ya Uingereza. Alisoma Cambridge, kisha akajifunza udaktari London Hospital, huko Whitechapel, mtaa wa mafukara. Akiwa bado kijana, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, aliitwa usiku kumzalisha mwanamke katika chumba cha kimaskini. Kama ilivyokuwa desturi ya siku hizo, alimtaka avute klorofomu asisikie maumivu. Mwanamke yule akakataa kwa upole, akajifungua kwa utulivu. Daktari alipomuuliza sababu, mama akashangaa, akamuuliza yeye kama kweli kuzaa kulipaswa kuuma. Dick-Read aliondoka na swali hilo na hakuliacha maisha yake yote.

Vita vilipozuka alijiunga na jeshi kama daktari, akajeruhiwa Gallipoli. Aliporudi kwenye kazi ya uzazi akaanza kuangalia kwa makini: kwa nini wengine wanazaa kwa utulivu na wengine kwa mateso, hali miili yao ni mizima sawasawa? Jibu alilolipata alilichapisha mwaka 1933, kisha akalipanua katika kitabu cha mwaka 1942 kilichokuja kujulikana duniani kwa jina la Childbirth Without Fear.

Hoja yake ni nyepesi kueleweka. Mwanadamu akiogopa, mwili hujiandaa kukimbia au kupigana. Misuli hukaza, moyo hwenda mbio. Mama akifika leba katika hali hiyo, mwili unaotakiwa kulegea na kufunguka unajikaza. Kule kukaza kunaongeza maumivu, maumivu yanaongeza hofu, na hofu inakaza mwili tena. Alichokitaka Dick-Read ni kukata mnyororo huo kabla haujaanza. Mama afundishwe tangu ujauzito mwili wake unafanya nini. Azoezwe kupumua na kulegeza viungo. Na zaidi ya yote, asiachwe peke yake katika uchungu. Wala hakumnyima dawa mama aliyeihitaji.

Madaktari wenzake wengi walimpinga. Mwaka 1948 akahamia Afrika Kusini, na baadaye akazunguka nchi kadhaa za Afrika kuangalia jinsi wanawake wanavyojifungua, safari aliyoiandikia kitabu mwaka 1955. Mwaka 1956 wazazi wa Uingereza walianzisha jumuiya ya kueneza mafundisho yake, naye akawa rais wake wa kwanza. Alifariki mwaka 1959.

Sasa, ndugu msomaji, tusimsifu mtu kupita kiasi. Dick-Read alikosea mahala pakubwa, na kosa lenyewe linatuhusu sisi. Aliamini kwamba wanawake wa jamii zisizoguswa na ustaarabu wa Ulaya, Waafrika wakiwemo, huzaa kwa wepesi kwa kuwa hawana hofu. Mtu aliyekulia vijiji vya Njombe anajua kuwa hilo si kweli. Bibi zetu waliogopa, na walikuwa na sababu. Mtoto akilala vibaya, damu isipokatika, kifafa cha mimba kikianza, ujasiri wa mama hauokoi maisha. Linalookoa ni mkunga mwenye ujuzi, damu ya kuongezwa na chumba cha upasuaji. Aidha, uchungu wa kuzaa haukuletwa na hofu peke yake. Upo, na mama anayelia hajashindwa kitu.

Takwimu za taifa zinatufundisha jambo hapa. Utafiti wa mwaka 2004/05 ulikadiria vifo 578 vya kina mama kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria vifo 104. Katika kipindi hicho hicho, waliojifungulia katika vituo vya afya walipanda kutoka asilimia 47 hadi 81. Hivyo jirani anayemsimulia mjamzito visa vya zamani anamtisha kwa hali ambayo imebadilika sana, ingawa haijaisha.

Basi matumaini ya kweli ni yale yenye maandalizi nyuma yake. Kumwambia mke ajikaze halafu usijue nani atamfikisha hospitali saa nane usiku, hayo si matumaini. Hospitali zipo, Kibena pale Njombe, Ilembula upande wa Wanging'ombe. Lakini anayeishi ndani huko Lupembe anajua njia inavyokuwa wakati wa masika. Mume aweke fedha ya usafiri mapema, awe na namba ya mwenye gari, ajue ndugu gani atatoa damu. Miezi ya masika inapokaribia, mama asogee mjini kwa jamaa kabla ya siku zake kutimia. Mwenye kujua kuwa haya yamepangwa hulala usingizi.

La pili ni kampani. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2018, linataka kila mama awe na mtu anayemchagua mwenyewe wakati wa uchungu. Wodi zetu nyingi ni finyu na hazina faragha, hivyo tuulize mapema kliniki nini kinawezekana, na tunapochangia ujenzi wa zahanati tuidai ile pazia na kile kiti cha msindikizaji.

Na sisi Waislamu tuna kisa tunachokisoma tangu madrasa. Bibi Maryam alipobanwa na uchungu peke yake kwenye shina la mtende, alitamani angekuwa amekufa kabla ya siku ile. Hakukemewa kwa neno hilo. Alitulizwa asihuzunike, akaonyeshwa maji chini yake na tende juu yake, akaambiwa ale, anywe na aburudike. Ikiwa mbora wa wanawake alipewa maneno mazuri, chakula na maji, sisi tumepata wapi ruhusa ya kumpa mjamzito vitisho na aibu?

Kijana wa Makambako nilimwambia hayo kwa kifupi. Awaombe majirani kwa adabu waache visa vyao mlangoni, aende kliniki pamoja na mkewe, na amwambie mkewe kuwa akitaka kulia, alie. Alicheka kidogo, akasema la majirani ndilo gumu kuliko yote.