Janusz Korczak, munganga aliyewaachia watoto gazeti

Tarehe 9 mwezi wa 10 mwaka 1926, wakaaji wa Warsaw, muji mkuu wa Poland, walionunua Nasz Przegląd, gazeti la kila siku la Wayahudi, walikuta ndani yake kurasa za ziada zenye jina lao wenyewe: Mały Przegląd, ndiyo kusema Mapitio Madogo. Kurasa hizo hazikuandikwa na watu wazima kwa ajili ya watoto. Ziliandikwa na watoto. Aliyeleta wazo hilo alikuwa munganga mwenye upara na miwani, ambaye Poland nzima ilimjua kwa jina la Janusz Korczak.

Hilo halikuwa jina la kuzaliwa. Aliitwa Henryk Goldszmit, na alizaliwa Warsaw mwaka 1878 au 1879, wakati muji huo ulikuwa chini ya utawala wa Urusi. Baba yake alikuwa avoka mwenye mali, lakini akapatwa na ugonjwa wa akili na akafa mwaka 1896. Pesa za nyumba zikaisha. Kijana Henryk akaanza kuwafundisha watoto wa watu wengine ili mama na dada yake wapate chakula. Jina Korczak alilichukua katika riwaya moja, mwaka 1898, alipoingia katika shindano la waandishi, na likabaki naye.

Alisoma utabibu, akatumwa kama munganga wa jeshi katika vita ya Urusi na Japan, kisha akatibu watoto katika hospitali ya Warsaw. Angeweza kuishi vizuri kwa kazi hiyo. Lakini aliona kwamba anamponya mtoto kifua, kisha anamrudisha kwenye njaa ileile na viboko vilevile. Mwaka 1912 akakubali kuongoza nyumba mpya ya mayatima wa Kiyahudi, nambari 92, barabara ya Krochmalna. Humo waliishi watoto karibu 100. Pamoja naye alikuwepo Stefania Wilczyńska, mwanamke ambaye watu humsahau wanapomsifu Korczak. Vita ya kwanza ya dunia ilipomchukua munganga kwenda kutibu askari, ni mama huyo aliyeishikilia nyumba yote.

Katika nyumba ile mambo yalienda kwa njia ambayo hata leo ingeshangaza wazazi wengi. Kulikuwa na tribinali ya watoto, ambamo mahakimu walikuwa watoto, na mlezi pia aliweza kushitakiwa. Korczak mwenyewe alijipeleka mbele yao mara tano katika nusu mwaka: mara moja kwa kumvuta mtoto masikio, nyingine kwa kumshuku msichana kuwa ameiba. Kulikuwa na sanduku la barua. Mtoto aliyekuja na shida wakati mlezi ana kazi aliweza kuiandika na kuitia sandukuni. Hivyo alijifunza kusubiri jibu, kupima kama jambo lake lina uzito, na kutafuta maneno yake. Asiyejua kuandika alitafuta mwenzake wa kumwandikia.

Na kulikuwa na gazeti la nyumba, lililosomwa kwa sauti mbele ya wote kila Jumamosi. Nani amefika mpya, nani amegombana na nani, kanuni gani imebadilika. Kwa Korczak hilo halikuwa mchezo wa kupitisha muda. Mwaka 1921 alitoa kijitabu kizima kuhusu gazeti la masomo. Aliamini kwamba anayetia sahihi chini ya maneno yake hujifunza kusema kweli, na kwamba mlezi anayesoma gazeti la watoto hugundua makosa ambayo hakuna angemwambia uso kwa uso.

Mały Przegląd lilikuwa wazo hilohilo, lakini kwa watoto wa inchi nzima. Kabla ya toleo la kwanza, Korczak aliwaeleza watoto jinsi litakavyokuwa. Wahariri watakuwa watatu: mzee mmoja, mvulana mmoja na msichana mmoja. Anayeona haya kwa sababu mwandiko wake ni mbaya aje ofisini, aseme, wamwandikie. Barua zikaanza kumiminika. Watoto waliandika juu ya mpira, juu ya mbwa waliopotea, juu ya mwalimu anayetukana, juu ya ndugu wakubwa wanaowapiga, na juu ya matusi wanayotupiwa barabarani kwa sababu tu ni Wayahudi. Walioandika mara kwa mara walilipwa, kama waandishi wa habari wengine. Gazeti lilitoka kila Ijumaa. Mwaka 1930 Korczak alimwachia Igor Newerly uhariri, na kazi ikaendelea.

Mwishoni mwa mwaka 1934 akaingia redioni. Huko hakutajwa kwa jina, kwa kuwa chuki dhidi ya Wayahudi ilikuwa imepanda sana. Wasikilizaji walimjua tu kama Munganga Mzee. Aliongea polepole, kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeketi kando ya kitanda cha mtoto mgonjwa, na wazazi walisikiliza pamoja na watoto. Mwaka 1936 kipindi kilikatwa, kwa shinikizo la wale waliokataa kuona Myahudi akiwalea watoto wa Poland. Kikarudi mwaka 1938.

Toleo la mwisho la Mały Przegląd lilitoka Ijumaa tarehe 1 mwezi wa 9 mwaka 1939, siku ileile jeshi la Ujerumani lilipovamia Poland. Wakati Warsaw ilikuwa imezingirwa, Munganga Mzee alisikika tena redioni akiwatuliza watu.

Mwaka uliofuata Wajerumani waliwafungia Wayahudi wa Warsaw ndani ya ukuta, na mayatima wakalazimika kuhama. Siku ya kuhama askari walinyang'anya gari la viazi vya watoto. Korczak alikwenda kuvidai, akatiwa gerezani. Alipotoka, alizunguka kila siku akiomba chakula mlango kwa mlango. Nyumba ya mayatima sasa ilikuwa na watoto karibu 200. Tribinali iliendelea kuketi, na gazeti la Jumamosi liliendelea kusomwa.

Marafiki nje ya ukuta walitaka kumtorosha. Alikataa. Mwanzoni mwa mwezi wa 8 mwaka 1942 watoto walipangwa mistari na kupelekwa kwa miguu hadi kwenye treni. Korczak, Stefania Wilczyńska na walezi wengine walikwenda nao. Wote waliuawa katika kambi ya Treblinka. Wengi wa waandishi wadogo wa Mały Przegląd pia hawakuiona mwisho wa vita.

Daftari ambamo Korczak aliandika katika miezi yake ya mwisho lilitolewa nje ya ukuta na kuhifadhiwa, na baada ya vita likachapishwa. Mwaka 1978 serikali ya Poland ilipendekeza kwa Umoja wa Mataifa mkataba wa haki za mtoto, ambao ulipitishwa mwaka 1989. Kifungu chake cha 12 kinampa mtoto haki ya kusema maoni yake na kusikilizwa, hata mbele ya tribinali. Kongo iliutia nguvu mwaka 1990.

Treblinka leo kuna mawe zaidi ya 17,000 ya ukumbusho. Moja tu lina jina la mtu: la Korczak, na chini yake limeandikwa kwamba yuko pamoja na watoto.