Robin Milner, aliyepima nguvu ya mawasiliano ya kompyuta

Muuza dagaa wa Mwaloni, Kirumba, akimpa mteja wake namba ya mwenye mtumbwi wa Ukerewe, wawili hao wataongea bila kupitia kwake. Njia mpya imezaliwa. Jambo hilo linaonekana dogo, lakini Robin Milner alilifanyia kazi kwa miaka mingi.

Milner alizaliwa Uingereza mwaka 1934, akasoma hisabati Chuo Kikuu cha Cambridge. Hakuwahi kupata shahada ya uzamivu, ila alikuja kuwa profesa Edinburgh, Scotland. Aliona kwamba hesabu za wakati ule zilieleza vizuri programu moja inayofanya kazi peke yake, lakini si programu nyingi zinazotumiana ujumbe. Hatari iko hapo: programu mbili zikingojeana, kila moja ikitaka nyingine ianze, zote hukwama, na shughuli ya mtu hukwama nazo.

Mwaka 1980 alitoa kitabu cha hesabu za programu zinazowasiliana. Upungufu ulikuwa mmoja: njia zilipangwa tangu mwanzo. Programu haikuweza kuipa nyingine njia mpya, kama afanyavyo yule muuza dagaa. Mwaka 1992 Milner, Joachim Parrow na David Walker walichapisha hesabu ya pai, ambamo njia yenyewe hutumwa kama ujumbe. Baadaye aliieleza kwa mfano wa simu iliyo ndani ya gari, ikihama kutoka mnara mmoja kwenda mwingine.

Sasa, tunajuaje njia ipi ina nguvu zaidi? Watafiti hujaribu kutafsiri yote yanayosemwa kwa njia moja kwenda nyingine bila kuharibu tabia yake. Ikishindikana, ya kwanza ina nguvu zaidi. Mwaka 1997 Catuscia Palamidessi alithibitisha kwamba programu zinazofanana kwa kila kitu, zikitumiana ujumbe bila kungoja kama SMS, haziwezi kuhakikisha zimechagua kiongozi mmoja. Kwa hesabu kamili ya pai, zinaweza.

Milner alipata Tuzo ya Turing mwaka 1991, akafariki tarehe 20 Machi 2010. Kwa mjenzi wa mfumo wowote ameacha swali: washiriki wake wanahitaji kuambiana nini, na je, njia waliyopewa inatosha kuyasema?