Fundi Konde na Santuri Zilizohifadhi Jina Lake

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hata hivyo, methali hii haikuwafaa wanamuziki wengi wa pwani ya Kenya. Kwa miaka mingi bendi za hoteli za Diani zimepiga nyimbo za zamani, watalii wakicheza na wenyeji wakiitikia, ilhali ni wachache wawezao kuwataja waliozitunga. Nyimbo hizo huitwa tu zilizopendwa, kana kwamba zilijitunga zenyewe. Makala haya yanasimulia maisha ya mmoja wa watunzi hao, Fundi Konde, ambaye jina lake nalo lilikuwa hatarini kusahaulika.

Fundi Konde alizaliwa mwaka 1924 katika kijiji cha Mwabayanyundo, Kilifi. Alikuwa Mgiriama, na kwa hivyo ndugu wa Wadigo na Waduruma wa Kwale katika jamii tisa za Wamijikenda. Jamii hizi zilikuwa na ngoma zao hata kabla gitaa halijafika. Wadigo, kwa mfano, walijivunia sengenya. Konde alilelewa baina ya midundo hiyo ya nyumbani na muziki wa shule ya misheni, alikojifunza kupiga ala za kigeni.

Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto, aliingia katika kikosi cha burudani cha jeshi la King's African Rifles. Wanajeshi wa Afrika Mashariki walipelekwa hadi Burma, na kazi ya kikosi chake ilikuwa kuwatuliza kwa muziki watu waliokuwa mbali na kwao. Huko vijana hao walisikia miziki ya mataifa mengi. Baada ya vita, baadhi ya wanamuziki wa kikosi hicho waliunda bendi ya Rhino, ambayo ilivuma Uganda na Mombasa.

Konde naye alianza kurekodi. Huhesabiwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kupiga gitaa la umeme, na nyimbo zake kama vile Tausi Ndege Wangu na Majengo Siendi Tena zilipendwa mno. Upekee wake ulikuwa katika kuoanisha Kiswahili fasaha cha pwani na gitaa lenye mpangilio wa sauti ulioukaribia ule wa jazi. Mambo hayo yote yalitakiwa kutoshea katika dakika tatu hivi, kwani santuri ya zama zile, iliyozunguka mara 78 kwa dakika, ilibeba wimbo mmoja tu kila upande.

Santuri hizo zilikuwa dhaifu. Zilivunjika zikianguka, na sindano ya chuma ilizila kila zilipopigwa. Aidha, kila moja ilisimama peke yake. Ikipotea, wimbo hupotea pamoja na jina lililoandikwa juu yake. Ndiyo maana mkusanyo ni jambo kubwa katika maisha ya msanii. Tuchukue mfano wa Marekani. Muddy Waters, aliyepiga blues kwa gitaa la umeme mjini Chicago katika miaka iyo hiyo ya 1940, alikusanyiwa nyimbo zake mwaka 1958 katika santuri moja iliyoitwa The Best of Muddy Waters. Vijana wa Uingereza walimwiga, na kundi la Rolling Stones likachukua jina lake kutokana na wimbo wake mmoja. Walioiga walijua wanamwiga nani.

Konde alisubiri muda mrefu zaidi. Aliacha kurekodi, na mitindo mingine ikatawala. Them Mushrooms, bendi iliyoundwa mwaka 1972 na kujipatia umaarufu katika hoteli za pwani, ndiyo iliyokuja kumrejesha studio akiwa mzee. Kisha, mwaka 1994, ukatolewa mkusanyo wa nyimbo alizorekodi kati ya 1947 na 1956, ukiwa na jina lake juu ya jalada. Nyimbo zilizokuwa zimetawanyika katika masanduku ya watu zikawa tena kazi ya mtu mmoja. Bahati njema, Konde aliishi akauona mkusanyo huo. Alifariki mwaka 2000.

Maisha haya yanatufunza sisi wanafunzi wa Kiswahili kwamba utunzi bila jina la mtunzi ni mali isiyo na mrithi. Kwale, Msambweni na Diani bado wapo wazee wanaozikumbuka nyimbo na waliozitunga. Ni wajibu wetu kuwaendea, kuwasikiliza na kuyaandika majina hayo pamoja na maneno ya nyimbo zenyewe. Santuri ikivunjika haiungiki, na mzee naye akiondoka huondoka na yale aliyoyajua.