Kirk wa Digidigi na Bustani ya Mbweni

Sisi tuliokulia Tarime na Serengeti digidigi tumemwona mara nyingi tu, kaswala kadogo kanakochomoka kichakani wawili wawili. Jina lake la kitaalamu ni Madoqua kirkii. Huyo Kirk ni nani hasa?

John Kirk alizaliwa Uskoti mwaka 1832, akasomea udaktari Edinburgh. Vita vya Crimea vilimpeleka kwenye hospitali ya Waingereza huko Uturuki, na hata huko muda wa mapumziko aliutumia kuokota mimea. Mwaka 1858 akaja Afrika na Livingstone, kwenye safari ya mto Zambezi, akiwa tabibu na mtaalamu wa mimea. Kwenye maporomoko ya Kebrabasa mtumbwi wake ulipinduka, daftari na michoro ya mimea vikaenda na maji. Mwingine angeacha kabisa. Yeye mwaka 1866 alikuwa Zanzibar, safari hii tabibu wa ubalozi wa Uingereza.

Vitabu vyetu vya historia vinamtaja kwa jambo moja: Juni 1873, akiwa balozi mdogo, alimbana Sultani Barghash hadi akasaini mkataba wa kufunga soko la watumwa, huku manowari za Uingereza zikitajwa kama tishio. Ni sawa, lakini humo bustani haimo.

Kirk alikuwa na nyumba Mbweni, kusini mwa mji, na kuizunguka alipanda miche ya ng'ambo ili aone ipi itakubali udongo wa Unguja. Haikuwa mchezo wa mzungu mwenye nafasi. Kimbunga cha 1872 kilikuwa kimeangusha mikarafuu mingi ya kisiwa, na watu walihitaji zao lingine la kushika. Yeye ndiye aliyewaonyesha wataalamu mmea mtambaa wa porini wenye utomvu wa mpira, ukaitwa Landolphia kirkii. Mwaka 1884 alipeleka bustani ya Kew, London, kielelezo cha ua dogo la zambarau la milima yetu, ila hakikutosha kulitambulisha. Miaka michache baadaye Mjerumani mmoja wa Tanga akalipeleka kwao, na jina likawa lake: Saintpaulia.

Kirk aliondoka Zanzibar 1886, akafa Uingereza 1922. Nyumba ya Mbweni ikawa ya Caroline Thackeray, mwalimu mkuu wa shule ya wasichana waliokombolewa utumwani iliyokuwa jirani. Mama huyo aliishi hapo mpaka kifo chake, 1926. Shule ikabaki magofu. Ukuta wa mawe unaweza kusimama miaka mia bila mtu, ila bustani ikikosa mkono misimu miwili tu imeshakuwa pori. Baadaye hoteli ilijengwa kwenye magofu hayo na bustani ya mimea ikafufuliwa, miti ikawekewa majina.

Ninachokosa ni majina ya watu. Kirk yuko kwenye digidigi na kwenye mpira. Waliochota maji na kung'oa magugu Mbweni hawako popote.

Kwetu napo shule kongwe zina miembe iliyopandwa na wanafunzi wa mwanzo. Shule moja Tarime, siitaji, ilikata yake yote kupisha madarasa, na hakuna aliyeandika nani aliipanda. Iliyobaki kwingine bado ina wazee wanaoikumbuka ikiwa miche. Nikienda mazoezi ya kufundisha nitawatuma wanafunzi wangu kwa wazee hao, na daftari.