Padre Benito Viñes, Mjesuiti wa vimbunga

Huku Lukole tuko mbali na bahari, na Wajesuiti tunawafahamu zaidi kwa Radio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 ili kuwapasha habari wakimbizi. Mwenzao mmoja wa zamani alikuwa na kazi inayofanana na hiyo, ila chombo chake kilikuwa telegrafu.

Benito Viñes alizaliwa mwaka 1837 huko Poboleda, Hispania. Mwaka 1870 wakuu wake walimtuma Havana, Kuba, kuongoza kituo cha hali ya hewa katika kolegio ya Belén. Hakukuwa na setilaiti wala rada. Alikuwa na barometa, daftari na macho yake. Siku baada ya siku aliandika mgandamizo wa hewa, upepo, na mwendo wa mawingu ya juu na ya chini. Akagundua kwamba mawingu membamba ya juu kabisa, yale yanayofanana na nyuzi za pamba, hutawanyika kutoka kwenye kimbunga kama miali, ilhali ya chini hukizunguka. Kwa kutazama yanakotokea, aliweza kukadiria kimbunga kiko upande gani kabla upepo wenyewe haujafika.

Tarehe 11 Septemba 1875 alitoa onyo lake la kwanza magazetini, na kimbunga kikaja. Tunaona ulihitajika ujasiri: padre akikosea jambo kama hilo, watu hucheka kanzu pamoja na barometa. Lakini manahodha walianza kumsikiliza, na visiwa jirani vikampelekea taarifa kwa telegrafu.

Kwetu Afrika Mashariki, tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Zanzibar, kikang'oa mikarafuu na kuharibu meli za Sultani Barghash. Zanzibar ilikuwa haijapata hata waya wa telegrafu. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokaribia Mafia, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikuwa imekwisha kutangaza.

Viñes alifariki Havana tarehe 23 Julai 1893, akiwa ametoka kumaliza andiko lake la mwisho juu ya vimbunga. Wenzake wa Belén waliendelea. Septemba 1900 waliona kimbunga kikielekea Texas, ila idara ya hali ya hewa ya Marekani, iliyowadharau watabiri wa Kuba, ilikuwa imezuia telegramu zao. Katika mji wa Galveston walikufa watu zaidi ya 6,000.